Kiungo Kidogo Katika Njia ya Luano

Ndugu msomaji, mgeni afikaye Lubumbashi kwa ndege huikanyaga ardhi ya Luano kabla ya kuuona mji wenyewe, maana uwanja wa ndege uko huko, upande wa kaskazini-mashariki. Jina la Luano limekwisha kuingia katika vitabu vya historia. Tarehe 17 Januari 1961 ndege iliyowachukua Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito ilitua hapo, na usiku ule ule wote watatu wakauawa. Lakini habari ninayotaka kukusimulia leo si ya wakubwa wala ya ndege. Ni habari ya motokaa moja kuukuu, na ya kiungo kimoja cha chuma kisichozidi ukubwa wa ngumi.

Nyuma ya uwanja huo njia za udongo zaelekea vijijini. Nchi ya huko ni ya msitu wa miombo, na katikati ya miti vimesimama vichuguu vya mchwa vikubwa ajabu. Vingine hufikia urefu wa mita 5. Watu huchimba udongo wake, wakafyatua matofali na kuyachoma. Miti nayo hukatwa na kuchomwa ipate kuwa makaa, ambayo wenyeji huyaita makala, kwa kuwa nyumba nyingi za Lubumbashi hupikia makala hata leo. Basi tangu alfajiri njia zimejaa watu: vijana wanaosukuma baiskeli zenye magunia, akina mama wenye mboga, na pikapu kuukuu zinazonguruma kwa taabu.

Njia hizo hazina huruma kwa motokaa. Tangu Novemba mpaka Aprili mvua hunyesha, na udongo mwekundu hugeuka tope lenye mashimo. Miezi iliyobaki ni ya kiangazi, na tope lile lile huwa vumbi jembamba kama unga. Maji huleta kutu. Vumbi husaga chuma kama msasa. Motokaa isiyotazamwa huliwa polepole, na mwenyewe hana habari.

Siku moja nilipewa nafasi katika pikapu ya aina hiyo, Toyota Hilux ya zamani iliyokuwa ikipeleka makala mjini. Mwenye motokaa alikuwa mzee mpole, mcheshi wa maneno. Lakini niliitazama mikono yake nikashangaa. Ijapokuwa njia ilikuwa imenyoka, mikono ile haikutulia hata kidogo. Ilikwenda kushoto na kuume kama ya mtu asongaye bukari. Kila tulipoingia shimoni, sauti ya chuma ilisikika chini ya miguu yangu: ko! ko!

"Usiogope, ndugu," akaniambia. "Ni matairi tu. Matairi ya siku hizi hayana nguvu. Haya ya mbele nimeyanunua juzi juzi tu, na tazama, yamekwisha."

Tuliposimama nilitazama. Kweli, tairi la kushoto lilikuwa limelika upande wa ndani mpaka nyuzi zikaonekana, na upande wa nje lilikuwa karibu jipya. Mzee alikuwa amekusudia kununua jingine siku ile ile, na kwa ajili hiyo tulikwenda kwa fundi afanyaye kazi chini ya mwembe, kando ya njia.

Fundi alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi. Hakutazama tairi kwa muda mrefu. Alisema, "Baba, tairi halina kosa. Tairi ni shahidi tu. Tumtafute mwenye kosa."

Akaliweka jeki chini ya mkono wa chini wa gurudumu, ule ubebao uzito wa motokaa, akainua mpaka tairi likaachana na ardhi. Kisha akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Akaniomba nikanyage breki kwa nguvu, naye akatikisa tena. Akatueleza maana yake: kama gurudumu lingetulia breki inapokanyagwa, kosa lingekuwa katika beringi, lakini kwa kuwa lilizidi kucheza, kosa lilikuwa katika kiungo. Baadaye akashika tairi kushoto na kuume. Hapo nako likacheza, na kichwa cha tairodi, ile fimbo inayopeleka amri ya usukani hata gurudumuni, kikaonekana kikiruka ndani ya nyumba yake.

Kiungo alichokisema mafundi wa Lubumbashi hukiita rotuli, kwa jina la Kifaransa. Mafundi wa Dar es Salaam hukiita boljointi. Ni tufe la chuma lililokaa ndani ya kikombe, mfano wa mfupa wa paja katika nyonga. Hulipa gurudumu ruhusa ya kupanda, kushuka na kugeuka. Juu yake pana kofia ya mpira yenye grisi ndani. Kofia ikipasuka, grisi hutoka, vumbi na maji huingia, na tufe huanza kulika. Katika motokaa ya yule mzee kofia ilikuwa imepasuka zamani, wala hakuna aliyejua.

"Basi badili hiyo ya kushoto," mzee akasema. "Ya kuume nitaileta mwezi ujao. Na hicho kichwa cha tairodi nacho kitangoja. Kesho alfajiri nawapeleka ndugu zangu kilioni Likasi, watu kumi na wanne, na fedha ya mafuta ndiyo hii niliyo nayo."

Fundi akaenda upande wa kuume, akainua, akatikisa. Huko nako palicheza, ingawa kidogo kuliko kushoto. Akarudi akachuchumaa mbele ya mzee kwa heshima.

"Baba," akasema, "kutoka hapa mpaka Likasi ni kilometa 120, na malori ya migodi yamejaa barabarani. Rotuli ya chini ikikatika, gurudumu hulala kama mguu uliovunjika. Usukani utakuwa mkononi mwako, lakini hautaamuru kitu. Mimi siwezi kufunga hili na kukuacha uende na watu. Afadhali ukasirike nami leo."

Mzee akanyamaza. Nilimhurumia, maana vipuri ni ghali huko. Huja kwa meli kutoka ng'ambo, vikapanda malori, vikapita Zambia na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa, na kila hatua huongeza bei. Kwenda kilioni ni wajibu. Asiyekwenda husemwa vibaya, na mwenye motokaa asiyewachukua ndugu zake husemwa zaidi. Alikaa juu ya gunia akitazama tairi lile. Mwishowe akachukua simu, akamwita mdogo wake.

"Waambie wapande basi," akasema. "Hapana, si uchoyo. Motokaa ni mgonjwa. Nisingependa tuwe na vilio viwili."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Nilijifunza mengi kwa kutazama. Fundi hakuingia chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Aliweka magogo mazito chini ya fremu. Nilipomletea matofali yaliyokuwa karibu, akayakataa. Tofali la udongo, alisema, huonekana imara, kisha hupasuka mara moja bila kuonya.

Akachomoa pini ya nati, akailegeza nati bila kuitoa yote ili mkono usifyatuke, akaligonga chuma ubavuni kwa nyundo mpaka kiungo kikaachia. Jeki lilibaki chini ya mkono wa chini wakati wote, kwa sababu fimbo ya msokoto ibebayo uzito imejikaza kama upinde. Ikiachiliwa ovyo yaweza kumvunja mtu. Rotuli ya kushoto ilipotoka, fundi alivuta tufe kwa vidole viwili tu, nalo likatoka katika kikombe chake. Hakuna aliyesema neno. Mzee alilipokea, akaligeuzageuza mkononi, akaketi tena.

Vichwa vya tairodi navyo vilibadilishwa. Fundi alihesabu mizunguko alipokifungua cha zamani, akakiingiza kipya kwa hesabu ile ile, magurudumu yasipotee mbali na mstari wake. Bushi za mpira za mkono wa juu zilikuwa zimepasuka. Akaweka mpya, lakini bolti zake hakuzikaza mpaka motokaa iliposhushwa na kusimama kwa uzito wake. Ukizikaza gurudumu likiwa linaning'inia, mpira hujisokota na kuchanika kabla ya wakati. Kila nati ikapata pini mpya. Mwisho akapima kwa kamba nafasi kati ya matairi ya mbele, kwanza upande wa mbele yake, kisha upande wa nyuma, akarekebisha mpaka aliporidhika. Hata hivyo akamwambia mzee apeleke motokaa mjini ikapimwe kwa mashine, kwa kuwa jicho na kamba haviwezi kushinda mashine.

Jua lilikuwa limeelekea kuchwa tulipoondoka. Njia ilikuwa ile ile, mashimo yale yale. Lakini mikono ya mzee ilikuwa imetulia, na ile sauti ya chuma imekoma. Rotuli ya zamani aliiweka mbele ya kioo. "Itanikumbusha," akasema. "Nilikuwa nikilaumu tairi."

Ndugu msomaji, wengi wetu hatuna motokaa, lakini wengi wetu hupanda za wengine, na watoto wetu vilevile. Haifai tunyamaze. Ukiona usukani unatangatanga katika njia iliyonyoka, tairi linalika upande mmoja, motokaa inavuta upande au inagonga kila ipitapo shimoni, mwambie mwenye motokaa kwa adabu. Ukiona nyuma inadunda mara nyingi baada ya shimo moja, ujue shokomzoba zimekufa. Ukiona imeinama upande mmoja, yamkini springi imekatika. Na wewe mwenye motokaa, usiongeze tairi jipya juu ya kosa la zamani. Uliza kwanza tairi lile linashuhudia nini.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mzee wa Luano alipata kuona mwiba wake ungali mkononi mwa fundi. Asubuhi iliyofuata ndugu zake walikwenda Likasi kwa basi, wakazika, wakarudi wote salama. Naye alikwenda mjini na makala yake, polepole, akishika usukani kwa mikono iliyotulia.