Kipaza Sauti cha Marehemu Baba



Wahenga wetu walisema ya kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Neno hili nililisema mara nyingi juu ya watu wenye majivuno. Sikujua ya kuwa siku moja litanihukumu mimi mwenyewe, nyumbani mwangu, kwa ajili ya chombo nilichokinunua kwa fedha yangu halali. Nataka kuwasimulia habari hiyo, kwa maana nadhani jamaa nyingi za mji wetu wa Goma zina chombo cha namna ile sebuleni, na mzee anayekaa mbele yake akitikisa kichwa kwa adabu bila kupata neno hata moja.

Marehemu baba alituachia redio aliyoinunua zamani za Zaire. Sanduku lake ni la mbao, na mbele, nyuma ya kitambaa, kuna kipaza sauti kimoja tu cha karatasi, ambacho upana wake hautimii shubiri. Sauti zote, nene na nyembamba, zilitoka katika kinywa hicho kimoja. Humo tulisikia habari za dunia na rumba ya Franco na ya Joseph Kabasele, na jioni baba alikaa mbele yake kama mtu anayeongea na mgeni wake. Lakini redio hiyo hushika mawimbi ya kati na mafupi tu, na stesheni za mji wetu husikika katika FM. Basi baba alipofariki, tuliiweka juu ya kabati, nami nikaenda Birere kununua chombo kipya chenye bafle mbili ndefu. Kila bafle ilikuwa na kipaza kikubwa cha sauti nene na kidogo cha sauti nyembamba. Siku ya kwanza muziki ulipopigwa, mbao za kuta zetu zilitetemeka, vikombe viligongana kabatini, na watoto walishangilia. Nami nilijisifu.

Mama yangu, ambaye ni mzee sana, alisema neno moja tu: “Mwanangu, namsikia mtu aliyefungiwa ndani ya ngoma.” Sisi tukacheka.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ilipasuka. Sisi wakaaji wa Mabanga tuliona mbingu imekuwa nyekundu. Mama hakuhitaji kuelezwa, kwa maana alikwisha kuyaona hayo Januari 2002, moto ulipopita katikati ya mji na kuiteketeza kathedrali ya Mtakatifu Yosefu. Usiku ule tulikimbia pamoja na watu wengi kuelekea mpaka wa Rwanda. Na asubuhi, tuliposikia kwamba moto umesimama kabla ya kufika katikati ya mji, tulirudi. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mchana na usiku. Nyumbani kwetu umeme ulikatika, tukaendesha chombo chetu kwa betri.

Alhamisi tarehe 27, mapema asubuhi, gavana wa kijeshi wa jimbo alitangaza ya kuwa mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame. Nikamwambia Mama ajitayarishe. Akakataa. “Nilikimbia Jumamosi, nikarudi Jumapili,” akasema. “Mji umejaa uvumi. Sitoki hapa mpaka nisikie kwa masikio yangu jina la mtaa wetu.” Wala hakuwa mkaidi bure: siku zile watu walipelekeana kwa simu maneno ya kila namna, ya kweli na ya uongo, na aliyeamini yote angekimbia mara tatu kwa siku.

Nikafungua chombo changu, nikaongeza sauti. Msemaji alikuwa akilirudia tangazo kwa Kiswahili, naye alinguruma kama radi. Nikaongeza tena, kuta zikatetemeka, na Mama akaweka mkono sikioni. Mitaa iliyotajwa ilikuwamo Majengo, na Mabanga, na Mapendo. Lakini yeye alisikia “ma” na mvumo, “ma” na mvumo, basi. “Mnanipigia ngoma,” akasema, akaketi tena. Ndugu zangu, huko nje majirani walikuwa wakifunga mizigo, na mimi nilisimama mbele ya mama yangu nikiwa na chombo kikubwa kuliko vyote vya mtaa, nisiweze kumfikishia neno moja.

Ndipo kijana wangu wa kwanza, aliyekuwa akijifunza ufundi wa umeme, alipopanda juu ya kiti na kuishusha redio ya babu yake. Alifungua mgongo wa sanduku, akatenga nyaya mbili za kile kipaza kimoja, akazifunga kwenye chombo kipya mahali pa bafle. Kisha akaniambia, “Baba, punguza sauti.” Nikapunguza. Ikatoka sauti ndogo, kavu, isiyo na kishindo, ikasimama katikati ya chumba kama mtu aliye mlangoni. Tangazo likarudiwa. Mama akainamisha kichwa, akasikiliza mtaa baada ya mtaa. Na lilipotajwa jina la Mabanga hakungoja mwisho. Alifunga kitenge chake, akachukua rozari, akasema, “Huyu ni mtu anayesema. Twendeni.” Kabla ya adhuhuri tulikuwa katika njia ya Sake, kati ya maelfu ya watu.

Tuliporudi mwezi wa Juni na kuikuta nyumba imesimama, nilimwuliza kijana anieleze jambo lile. Alilonifunza, pamoja na yale niliyoyasoma baadaye, naliandika hapa kwa ufupi.

Kipaza sauti cha namna tuliyoizoea kilielezwa na wahandisi wawili Wamarekani, Chester Rice na Edward Kellogg, mwaka 1925, na namna yake haijabadilika sana. Waya mwembamba uliozungushwa hukaa katika nafasi ya sumaku. Umeme ukipita, waya husogea mbele na nyuma, nao husukuma koni ya karatasi iliyogundishwa kwake, na koni husukuma hewa. Sauti nene hutetemeka polepole: yenye mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa karibu mita 7, nayo hutaka hewa nyingi isukumwe. Sauti nyembamba ya mitetemo 10,000 ina wimbi la sentimita 3 na nusu hivi, nayo hutaka kitu chepesi kiwezacho kwenda mbio. Koni moja haiwezi kuzifanya kazi zote mbili kwa ukamilifu. Kwa hiyo mafundi waligawa kazi: koni kubwa kwa sauti nene, ndogo kwa sauti nyembamba.

Lakini tazama mahali pa kugawa. Mara nyingi ni penye mitetemo 2,000 au 3,000, na hapo ndipo sikio la mwanadamu lina ukali mwingi. Tena irabu zetu, a na o na u, zina nguvu chini ya hapo, na konsonanti nyingi, kama s na t na p, hutambuliwa hapo na juu yake, nazo ni dhaifu. Irabu hutuambia ya kuwa mtu anasema. Konsonanti hutuambia anasema nini. Ukizitoa, Mapendo na Majengo ni ndugu wawili wasiotambulikana. Basi fundi mwema hugawa kwa uangalifu, na bafle zake huzipita za kinywa kimoja, sitaki kuwadanganya. Lakini kijana alipofungua bafle zangu, alikuta kapasita moja ndogo tu kwenye kipaza kidogo, na mbao nyembamba zinazovuma zenyewe. Hapo neno hukatwa katikati, nusu likatoka huku na nusu kule.

Na liko jambo la tatu. Sauti nene ikizidi, huzifunika nyembamba, kama mtu mrefu anavyomkinga mtoto asionekane. Masikio ya wazee nayo hupoteza kwanza zile nyembamba. Kwa hiyo kila nilipoongeza sauti ili kumsaidia Mama, nilizidi kumfunikia yale machache aliyobakiwa nayo. Kumbe kipaza cha baba, kwa udhaifu wake wa kutoweza kunguruma, kilimwachia nafasi.

Udhaifu wake ni mwingine pia. Ngoma za kwaya husikika humo kama mtu anapiga meza. Sauti nyembamba huenda mbele tu, kwa hiyo anayekaa pembeni hupata kidogo. Viwanda vingine, kama Philips ya Uholanzi, vilitengeneza vipaza vyenye koni ndogo ya pili katikati ya kubwa ili kusaidia sauti nyembamba, na bado si dawa ya yote. Anayetaka kuchezesha watu uwanjani siku ya arusi asichukue chombo hiki. Lakini kwa chumba cha watu sita, kwa habari, kwa mahubiri, kwa gitaa na sauti ya mwimbaji mmoja, kinatosha. Tena kilicho na koni nyepesi husikika vema kwa wati moja au mbili, na hilo si jambo dogo kwa nyumba inayotumia betri.

Kama ninyi nanyi mna kipaza cha zamani juu ya kabati, msikitupe. Kiwekeni katika sanduku la mbao nene, kwa maana kikiwa wazi, hewa inayosukumwa nyuma huzunguka na kuiua ile ya mbele, na sauti nene hupotea kabisa. Msikiegemeze ukutani wala pembeni mwa chumba, hasa katika nyumba zetu za mbao. Wekeni chini yake bapa la jiwe la lava, ambalo hapa kwetu halinunuliwi. Kiinueni kifike kwenye masikio ya mtu aliyeketi. Kifunikeni kwa kitambaa chepesi, kwa kuwa vumbi la mawe yetu likiingia katika nafasi ya sumaku, waya hukwaruza. Na mkienda kununua kipya, msimwombe mwenye duka apige muziki. Ombeni awafungulie habari, kwa sauti ya chini, nanyi mkae hatua nne mbali, mkihesabu ni majina mangapi mliyoyapata.

Nami nilipata fundisho jingine lisilo la mafundi. Miaka yote ile nilipokuwa nikicheka, Mama alikuwa amekwisha kuniambia ukweli wote kwa maneno machache: mtu amefungiwa ndani ya ngoma. Haikuwa lugha ya ufundi, kwa hiyo nikaiona kuwa ya uzee. Nilitaka nyumba yangu isikike mpaka njiani, sikuuliza kama aliye ndani anasikia. Baba mwenzangu, uliza nyumbani mwako jioni hii. Mwulize aliye mzee kuliko wote arudie habari aliyoisikia sasa hivi, nawe usimsaidie.

Bafle zangu mbili niliwapa vijana wa kwaya, nao wanafurahi. Kijana wangu aliitia redio ya babu yake chombo kidogo cha kushika FM, na sanduku limerudi mahali pake pa zamani. Kila jioni Mama hukaa mbele yake. Msemaji akikosea jina la kijiji, humsahihisha kwa sauti kubwa, kama baba alivyofanya. Ndipo tunapojua ya kuwa amesikia.