Kifungo Kimekwisha, Hukumu Inabaki

Mwaka jana, katika kuwatembelea wafungwa, tulimzoea ndugu mmoja aliyehukumiwa miezi 6 kwa wizi alioukana tangu siku ya kwanza. Alikata rufani ndani ya muda unaotolewa na sheria yetu. Miezi ikaisha, akatoka, na rufani yake ilikuwa bado haijasikilizwa. Tukamwambia kwa moyo mweupe, "Ndugu yetu, umekwisha kutoka, achana na mambo ya mahakama." Akajibu, "Nimetoka mimi. Jina langu bado limefungwa."

Tuliona haya, tukaanza kusoma. Tukakuta kwamba jambo hilo limewasumbua pia majaji wakubwa wa Marekani. Huko mahakama za shirikisho hazina ruhusa ya kuamua shauri lisilobakiwa na kitu cha kugombaniwa. Basi aliyemaliza kifungo huweza kuulizwa: unaomba nini tena, nawe u huru?

Ndivyo ilivyotaka kumpata Nelson Sibron wa New York. Polisi alimfuata kwa saa nyingi, akamkuta mkahawani anakula, akamtoa nje na kutia mkono mfukoni mwake. Humo mlikuwa na heroini kweli. Hatusemi alikuwa malaika. Kifungo chake cha miezi 6 kilikwisha mwaka 1965, lakini Mahakama Kuu ya nchi ilitoa uamuzi tarehe 10 Juni 1968. Hesabuni wenyewe. Majaji walikataa kusema kwamba shauri limekufa. Adhabu fupi huisha kabla rufani haijafika juu, kwa hiyo makosa ya mahakama ndogo yasingesahihishwa kamwe. Tena hukumu humwandama mtu, kwa mfano akishitakiwa upya au akisimama kutoa ushahidi. Wakaifuta, kwa kuwa polisi hakuwa na sababu ya kutosha ya kumpekua.

Lakini mlango huo si mpana. Mwaka 1998 mahakama hiyohiyo ilimkatalia Randy Spencer wa Missouri. Yeye alikuwa ameachiliwa kwa masharti kabla ya kumaliza kifungo, kisha akarudishwa gerezani kwa shutuma nzito alizozipinga. Kifungo kiliisha shauri lingali linangoja, na majaji wakasema hakuonyesha madhara yaliyobaki. Jaji John Paul Stevens peke yake alipinga: kwake, haja ya kusafisha jina ilitosha kuliweka shauri hai. Sisi tuko upande wake, ingawa hatukusomea sheria.

Juma lililopita tulimrudia ndugu yetu. Sasa anauza makaa. Aliomba kazi ya ulinzi, wakamdai karatasi inayoonyesha kama mtu aliwahi kuhukumiwa, naye hakurudi tena huko. Tulimwomba radhi kwa shauri letu la mwaka jana, tukaenda naye kwa karani wa mahakama kuandika namba ya faili lake. Karani alitafuta kwa muda mrefu katika rundo, kisha akatuambia turudi Alhamisi.