Pikipiki Yetu na Chumvi ya Kilwa

Mgeni akifika Kilwa Masoko hutazama ng'ambo, kwenye magofu ya Kisiwani yaliyotiwa katika urithi wa dunia mwaka 1981. Sisi wauguzi hutazama kwanza mnyororo wa pikipiki.

Upepo wa huku una chumvi, na chumvi hula chuma. Aprili 2024 tulikuwa wawili tukielekea Mandawa na kasha la chanjo. Tulipoipita Nangurukuru, mnyororo ukakatika. Fundi hakuna, na barafu haimngoji mtu! Tulilaumiana kidogo juu ya nani alisahau kuupaka oili (tulisahau sote), kisha mmoja wetu akadandia lori na kasha, mwingine akabaki kusukuma pikipiki juani.

Tangu hapo kila jioni tunaiosha kwa maji ya mvua, maana visima vingi vya pwani navyo vina chumvi. Tunaifuta, tunaupaka mnyororo oili, tunakung'uta chujio la hewa.

Mwezi uliofuata kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizoikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, na vipuri vikakwama huko. Sisi tulikuwa na mnyororo wa akiba, chini ya kitanda.