Mama Mdogo Anahamia Mexico

Sisi wenye thelathini na kitu tunadhani kuhamahama ni mambo yetu peke yetu. Basi sikia hii. Mama yangu mdogo ana miaka 64, ameuguza wagonjwa Houston zaidi ya miaka 25, na sasa anastaafu. Anahamia Mexico. Si kutalii, kuishi!

Ukoo uliwaka moto. Nyumba yake ya Tanga imeshapakwa rangi mara tatu ikimsubiri. "Huko Mexico ana nani?" mama akauliza, na mimi msomi wa mawasiliano nikatumwa kumpigia simu.

Kumbe mwenzetu kapiga hesabu zamani. Medicare, bima ya wazee ya Marekani, kwa kawaida hailipi matibabu nje ya nchi, uwe Tanga au Mexico. Ila anakokwenda, mji mdogo wa Ajijic kando ya Ziwa Chapala, uko karibu na uwanja wa ndege wa Guadalajara, na kutoka hapo Houston ni saa mbili na ushee. Akizidiwa anarudi kwa daktari wake. Wajukuu nao wanamfikia wikiendi. Pensheni inamfuata hukohuko, na wastaafu wa Marekani na Kanada wamejaa pale miaka nenda rudi. Mji uko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, baridi yake ya Lushoto Lushoto hivi. Eti hata juisi ya ukwaju ipo!

Kilichonichoma ni kingine. Tanzania haina uraia pacha, kwa hiyo alipochukua wa Marekani, wetu ukaondoka. Akija likizo kwao analipia viza dola 100, wakati Mexico pasipoti ileile inamwingiza kutembea bila viza. "Mwanangu," akaniambia, "nilishakuwa mgeni kwetu. Acha nikawe mgeni na kwa watu."

Sikuwa na jibu.

Tatizo ni baba mdogo. Yeye anataka Tanga, baraza, kahawa na wenzake, wale waliobaki. Miaka 38 ya ndoa, na hawajawahi kukaa chini wakaongea watazeekea wapi! Kila mmoja alidhani mwenzake anajua. (Wewe na wako mmeshaulizana?) Walinuniana wiki mbili nzima, watu wazima na wajukuu wao.

Sasa wamekubaliana kupanga, si kununua. Miezi mitano tu, kwa kuwa mgeni anaweza kupewa hadi siku 180. Wakipapenda, watarudi Houston kuomba kibali cha ukaazi kwenye ubalozi mdogo wa Mexico; cha kwanza huwa cha mwaka mmoja. Wasipopapenda, mazungumzo yanaanza upya.

Mama hajaridhika, na kasema nyumba ya Tanga haipangishwi kwa mtu. Baba mdogo naye kaniagiza bao, la mninga likipatikana, limfikie kabla hawajafunga mizigo.