Majani Mazima na Majani ya Punje: Chai ya Kitengela na Kajiado

Msafiri atokaye Mombasa huiacha barabara ya Nairobi pale Athi River, akashika ya Namanga. Kitengela ndiyo humpokea kwanza, kisha Isinya, kisha mji wa Kajiado. Njia nzima hapana shamba la chai hata moja, kwani nchi ni kame na ni ya mifugo. Hata hivyo, kila nyumba tuliyokaribishwa tulipewa kikombe kabla ya kuulizwa habari za safari.

Chai ya huko ni ya maziwa. Maji, maziwa na majani huchemshwa pamoja katika sufuria moja, wala sukari haifanyiwi uchoyo. Majani yenyewe ni ya punje: jani bichi hupitishwa kwenye mashine yenye meno, likasagwa, likachanwa na kukunjwa kuwa vipunje. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya hutengenezwa hivyo, nayo ndiyo inayojaza mnada wetu wa Mombasa. Punje hutoa rangi na ukali upesi, hata maziwa mazito hayaizimi ladha yake.

Chai ya majani mazima hutokana na mche ule ule. Jani hunyaushwa, likaviringwa taratibu bila kukatwakatwa, likaachwa ligeuke rangi, kisha likakaushwa. Hili halitaki kuchemshwa. Hutiwa birikani, likamiminiwa maji ya moto na kufunikwa dakika 3 hadi 5. Rangi yake ni nyepesi na harufu yake ni ya upole. Ukilitia maziwa mengi, umelizika.

Mama mmoja wa Kajiado alitusimulia habari za ukame ulioanza mwaka 2020, ng'ombe walipokufa na maziwa yakakatika. Chai ya rangi ikawa ndiyo chai ya nyumba, na punje zile zile zikawa chungu hata watoto wakazikataa. Akapunguza kijiko kuwa nusu, akaacha kuzichemsha, akazifunika tu kwa maji ya moto. Watoto wakanywa.

Basi, dada zetu, tuitazame sufuria kabla ya kwenda dukani. Penye maziwa, iliki na tangawizi, punje zatosha. Kuchemsha humo majani mazima ya bei kubwa ni israfu. Pasipo maziwa, majani mazima yana haki yake, na asiyeyamudu atumie punje chache kwa mkono mwepesi.