Ukurasa Ulioliwa na Mchwa

Mama yule alitufikia Kasulu siku ya Jumatatu, mvua za Machi zikiwa zimekolea, akiwa ametoka Kibondo kwa gari la alfajiri. Alikuwa bado ndani ya eda, na kabla hata ya kuketi alituomba radhi kwa kutoka nyumbani, akisema kwamba dharura ndiyo iliyomtoa. Sisi wa kamati ya msikiti, ambao wengi wetu umri wetu ni wa watoto wake, tulimkaribisha barazani, tukampa maji, tukasubiri apumue.

Mumewe alikuwa amefariki siku arobaini nyuma. Hawakuruzukiwa mtoto. Ndugu wa marehemu walikuwa wamekaa kikao, na katika kikao hicho ikasemwa kwamba ndoa yake haijulikani. Kwamba aliishi tu na ndugu yao, wakazeeka pamoja. Cheti chake kiliungua zamani pamoja na nyumba yao ya kwanza. Lakini nikaha, alisema, ilifungwa hapa kwenu, mwaka 1991, na maalim aliandika katika daftari. Alichotaka kwetu ni ukurasa huo tu. Mjane ambaye mumewe hakuacha mtoto amepewa na Mola wake robo ya mirathi, na robo hiyo, kwa mama huyu, ndiyo ilikuwa tofauti kati ya kubaki katika shamba la migomba alilolilima miaka yote na kurudi kwa kaka zake akiwa na furushi.

Tulimwahidi ukurasa wake kwa haraka ambayo leo inatuaibisha. Madaftari yetu yalikuwa katika sanduku la bati, ndani ya chumba kidogo nyuma ya mihrabu, pamoja na mikeka mibovu, kipaza sauti kilichokufa na jeneza. Paa la chumba hicho lilivuja katika mvua za El Nino za 1997 na 1998, likazibwa, likavuja tena. Tulipoinua daftari la mwaka 1991, jalada lilibaki mkononi na udongo mwekundu ukamwagika sakafuni. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka chini ya sanduku, palipooza kwa kutu, wakajenga humo kama walio kwao.

Ukurasa tuliupata. Nusu ya juu haikuwepo, na humo ndimo lilimokuwa jina la mume. Nusu ya chini ilisalia: jina la bibi harusi, jina la walii wake, alama ya kidole gumba cha shahidi mmoja, jina la shahidi wa pili, na mahari: mbuzi wawili. Kando ya neno hilo maalim, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa ameongeza kwa wino mwingine maneno mawili: mmoja bado.

Shahidi wa kwanza alikwisha tangulia mbele ya haki. Wa pili alikuwa hai, Kibondo, mzee asiyeweza tena kutembea bila kushikwa. Wawili wetu tulimfuata. Hatukumwonyesha karatasi, tulimsalimu kwa Kiha kama alivyopenda, tukamuuliza kama anaikumbuka ndoa ya mwaka ule. Aliwataja mume, mke na walii. Kisha akacheka. Akasema kwamba mbuzi walikuwa wawili, lakini beberu mmoja alikata kamba njiani wakati wa kupeleka mahari, wakamtafuta mpaka magharibi wasimpate, na harusi ikafungwa kwa mbuzi mmoja na ahadi. Maneno mawili ya pembeni yakapata maana yake. Mzee aliletwa mahakama ya mwanzo akiwa kwenye kiti, akayasema hayohayo, na nusu ya ukurasa ikamuunga mkono. Mama alipata robo yake.

Mzee huyo alifariki mwezi wa Dhulhija, mwaka huohuo. Tulipokuwa tukirudi kutoka maziko yake hakuna aliyezungumza ndani ya gari, kwa kuwa sote tulikuwa tukihesabu jambo moja: laiti mama yule angefiwa na mumewe mwaka mmoja baadaye, tungekuwa na nini cha kumpa?

Ndivyo tulivyoanza kazi ya kuzipandisha nyaraka za msikiti katika hifadhi ya mtandaoni. Wapo watakaodhani kwamba ni mambo ya vijana kupenda simu. Kwa hakika baadhi ya wazee wetu walidhani hivyo. Tuliposema katika kikao kwamba nyaraka zitawekwa kwenye kile ambacho watu wa teknolojia hukiita wingu, mzee mmoja wa safu ya mbele aliuliza kama ndiyo mawingu haya yaliyotuvujia miaka yote. Tulicheka, lakini swali lilikuwa la haki, na lilistahili jibu la haki. Hakuna wingu. Ni kompyuta za watu wengine, zilizopangwa katika majumba makubwa katika nchi za mbali, na mtu hukodi au hupewa nafasi ndani yake. Google Drive, ambayo ndiyo tuliyoichagua kwa sababu imo tayari katika simu nyingi, hutoa gigabaiti 15 bila malipo, nazo huhesabiwa pamoja na barua pepe na picha za akaunti hiyohiyo. Ukurasa wa daftari ukipigwa picha kwa utulivu mara nyingi haufiki megabaiti moja. Kwa hesabu hiyo, madaftari ya msikiti wa mji mdogo kama wetu huenea humo na nafasi ikabaki.

Imamu wetu ndiye aliyewatuliza wazee, naye hakutumia hesabu. Aliwakumbusha kwamba baada ya vita vya Yamama, walipouawa mahafidhi wengi, Abu Bakr (r.a.) alimwamuru Zayd bin Thabit aikusanye Qur'an katika kurasa; kwamba kurasa hizo ziliishia mikononi mwa Hafsa (r.a.), na kwamba Uthman (r.a.) aliziazima, akanakili nakala kadhaa, akazipeleka katika miji mbalimbali, kisha akamrudishia Hafsa zake. Hatulinganishi daftari la harusi na Msahafu, Mungu atuepushe. Alichotaka wazee waone ni kwamba waliotutangulia hawakuona kuwa kumwamini Mwenyezi Mungu kunamzuia mtu kuweka nakala zaidi ya moja, mahali zaidi ya pamoja. Tena aya iliyo ndefu kuliko zote, katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi.

Kazi yenyewe waliifanya mabinti wawili wa madrasa waliomaliza kidato cha nne. Walitandika shuka jeupe ukumbini, saa nne asubuhi, jua linapoingia bila kivuli, wakafunua ukurasa baada ya ukurasa. Programu hiyohiyo ya simu inapiga picha, inanyoosha pembe za karatasi na kuzifunga kurasa nyingi kuwa faili moja la PDF. Upandishaji ulifanyika usiku, wakati bando ni nafuu. Umeme ulipokatika, au mtandao ulipopotea kwa sababu ya radi, kazi ilisimama ikaendelea kesho yake. Kwa mabinti hao kuna karatasi walizozikausha kwa pasi ya mkaa, kwa mbali, kama anayepiga pasi kanzu ya hariri.

Kupandisha ni rahisi. Kupanga ndiko kulikotutoa jasho. Tulipoanza, mafaili yaliitwa kwa tarakimu ambazo simu yenyewe huzitoa, na baada ya wiki mbili tulikuwa na mafaili mia kadhaa ambayo hakuna aliyejua lipi ni lipi. Tulikuwa tumehamisha fujo ya sanduku la bati kwenda mahali pengine, bila mchwa. Tukaamua kila jina la faili lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili yajipange yenyewe. Halafu aina ya waraka. Halafu jina la mtu, la baba yake, na kijiji. Bila kijiji hatungefika popote, kwa wingi wa akina Zuhura na akina Mwajuma waliomo humo.

Majina nayo yana safari zake. Msikiti wetu umefungisha ndoa za Waha, na za ndugu waliokimbia Burundi baada ya mauaji ya Rais Ndadaye mwaka 1993, na za waliotoka Kongo tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996. Mwandishi mmoja aliandika Ramadhani, mwingine Ramadhan, na Mkongo akajiandikisha Ramazani. Hamisi wetu ni Amisi kwao, na Khamis kwa maalim aliyesoma pwani. Mtambo wa kutafuta hauna busara ya kujua kwamba hawa ni jina moja. Na maandishi ya mkono hauyasomi vyema, sembuse kumbukumbu za wazee wa mwanzo, walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo katika jina la faili tunaandika tahajia moja tuliyokubaliana, na ile ya daftarini tunaiweka baada yake. Wapo waliohama Mtabila kambi ilipofungwa mwishoni mwa 2012, wapo waliohamishiwa Marekani, na siku wanapohitaji kuthibitisha ndoa wanaandika jina kwa namna ambayo karani wa huko aliisikia.

Hatuna budi kukiri makosa yetu, kwa kuwa misikiti mingine itayapitia.

La kwanza, akaunti ilifunguliwa kwa jina na namba ya simu ya kijana wetu mmoja, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa karibu siku ile. Alipata kazi mbali, akapoteza laini, nenosiri likasahaulika, na namba ya uthibitisho ikawa inatumwa kwa simu isiyokuwepo. Miezi minne ya kazi ikawa nyuma ya mlango usiofunguka. Kilichotuokoa ni kwamba mabinti hawakuwa wamefuta picha katika simu zao; karibu theluthi mbili tuliziokota humo, zilizobaki zikapigwa upya. Sasa akaunti ni ya ofisi. Nenosiri limo katika bahasha mbili zilizofungwa kwa lakiri, moja kwa imamu, moja kwa mwenyekiti wa akina mama, na kila baada ya kikao cha mwezi mmoja wetu huifungua akaunti mbele ya wenzake, kwa kuwa akaunti iliyoachwa bila kutumika miaka miwili yaweza kufutwa na vilivyomo.

La pili ni zito zaidi, nasi tunaliandika kwa idhini ya aliyeumia. Tulituma katika kundi la WhatsApp la waumini kiungo cha kufungulia kumbukumbu za vikao. Kiungo kile kilikuwa wazi kwa yeyote, na tulikuwa tumekiweka juu ya kabrasha kubwa, si juu ya kabrasha dogo la vikao. Ndani ya kabrasha kubwa ilikuwemo orodha ya waliopokea zaka. Kwa saa tano, mtaa mzima uliweza kusoma nani amepewa unga na nani amelipiwa hospitali. Baba mmoja, mtu wa heshima zake, ambaye hata watoto wake hawakujua kwamba mwaka ule mambo yalimwendea vibaya, alilikuta jina lake humo. Hakuonekana katika safu ya alfajiri kwa muda mrefu. Tulikwenda kwake, kamati nzima, tukaketi chini, tukaomba msamaha. Alitusamehe, lakini hakutukaribisha chai, na tulielewa.

Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nasi tuliisoma baada ya kosa badala ya kabla yake. Ila kusema kweli hatukuhitaji sheria ili tujue kwamba dini yetu imeisitiri mikono inayopokea. Tangu siku hiyo hakuna kiungo kilicho wazi. Kila anayeruhusiwa huruhusiwa kwa jina lake, kuangalia bila kubadili. Orodha ya zaka imerudi kwenye karatasi, ndani ya kabati la chuma, pamoja na maandishi ya suluhu za wanandoa. Si kila kilichoandikwa kinastahili kupandishwa, na kwa maoni yetu kamati inayoanza kazi hii ingekaa kwanza kikao cha nini kisipandishwe.

Huko Lamu, maandishi ya kale ya Msikiti wa Riyadha yalipigwa picha na nakala zake zikahifadhiwa kwa msaada wa mradi wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, na vitabu vyenyewe vikabaki msikitini. Sisi hatuna hazina kama hiyo. Tuna mbuzi wawili, mmoja bado.

Mama wa Kibondo alirudi baada ya mavuno, eda imekwisha, na gunia la maharage ambalo tulishindwa kulikataa. Aliuliza ukurasa wake ulikokwenda. Tulimfungulia kwenye simu. Aliugusa kwa kidole pale juu palipoliwa, picha ikatanuka mpaka kioo kizima kikawa ukingo wa mchwa, akashtuka akidhani ameiharibu. Tukairudisha. Akatuuliza kama hatuwezi kuliandika jina la mumewe pale palipokatika. Tulimweleza kwamba ukurasa haturuhusiwi kuugusa, ubaki ulivyokutwa. Kisha tukamwonyesha mstari wa juu, jina la faili, ambalo binti aliyelipandisha alikuwa ameliandika kwa ukamilifu baada ya ushahidi wa mzee: mwaka 1991, mwezi, siku, nikaha, jina la mume na la baba yake, jina la mke na la baba yake, Kibondo. Hakujua kusoma vizuri, akaomba asomewe. Tukamsomea, akaomba tena.