Barua isiyo na jina



Ndugu zangu wazazi, na nyinyi vijana wetu wanafunzi,

Miaka kadhaa iliyopita, asubuhi nilipofungua madrasa hapa Buyenzi, nilikuta karatasi imepenyezwa chini ya mlango. Haikuwa na jina. Ilidai kwamba ustadhi mmoja tuliyekuwa tukifundisha naye anapeleka habari zetu kwa wakubwa na analipwa kwa kazi hiyo. Nakiri mbele yenu kwamba niliamini. Sikumwuliza kitu. Nilipunguza salamu, nikawanong'oneza walimu wawili, na haukupita mwezi yule ndugu akaona nyuso zetu zimebadilika, akaacha kufundisha. Darasa lake la watoto likavunjika. Ushahidi hakuna aliyeuona.

Kisa hicho kilinirudia niliposoma habari za COINTELPRO, mpango wa siri wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ulioendeshwa na J. Edgar Hoover kuanzia mwaka 1956 hadi 1971. Ulianza kwa kuwaandama Wakomunisti, kisha ukawafikia watetezi wa haki za watu weusi, wapinzani wa vita vya Vietnam, na hata Nation of Islam. Hawakutosheka na kupeleleza. Walitaka kuvuruga, na silaha yao kubwa ilikuwa fitina.

Mwaka 1964 walimpelekea Martin Luther King barua isiyo na jina, ambayo yeye aliielewa kuwa inamtaka ajiue. Januari 1969, mjini Chicago, walimwandikia mkuu wa genge moja kwamba Black Panther wanapanga kumwua, ili makundi hayo mawili yapigane. Na mlinzi mkuu wa Panther wa Chicago, William O'Neal, alikuwa mtu wao. Yeye ndiye aliyewapa ramani ya nyumba ya Fred Hampton. Alfajiri ya tarehe 4 Desemba 1969 polisi waliivamia, wakamwua Hampton, kijana wa miaka 21, pamoja na mwenzake Mark Clark.

Al-Hajj Malik El-Shabazz, yaani Malcolm X, alihiji mwaka 1964, na mwaka huohuo akafika Dar es Salaam na Nairobi. Alipokuwa ametengana na Elijah Muhammad, ugomvi wao ulikuwepo kweli, lakini FBI waliumwagia mafuta. Aliuawa tarehe 21 Februari 1965, na mwaka 1969 ofisi yao ya Chicago ilijisifu kwa maandishi kwamba mgawanyiko ule ulikuwa matunda ya kazi yao.

Siri ilifichuka tarehe 8 Machi 1971, raia walipovunja ofisi ya FBI katika mji mdogo wa Media, Pennsylvania, wakachukua mafaili na kuyapeleka kwa magazeti. Baadaye, mwaka 1975 na 1976, kamati ya Seneti chini ya Frank Church iliyachunguza mambo hayo na kuyalaani.

Ndugu zangu, Suratul Hujurat inatuamuru kuchunguza habari kabla ya kumdhuru mtu, na inatukataza dhana mbaya na kupelelezana. Aya hizo nimezisomesha zaidi ya miaka ishirini. Siku zilipohitajika kwangu, sikuzifuata.

Hatimaye nilikwenda nyumbani kwa yule ndugu kumwomba radhi. Alinikaribisha, akaniwekea chai, akaniuliza swali moja tu: "Ustadhi, kwa nini hukuniuliza?" Sikuwa na jibu.

Aliyeandika karatasi ile alitumia wino kidogo tu. Kazi iliyobaki tulimfanyia sisi wenyewe.

Sasa madrasani kwetu barua isiyo na jina haisomwi, na mwenye lawama huisema mbele ya anayelaumiwa. Nanyi vijana, ujumbe wa simu unaomchafua Muislamu mwenzenu msiupeleke mbele. Mwendeeni mwenyewe, mumwulize.

Allah atusamehe na aziunganishe nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.